Rafiki yako mtu wa haki za wanawake anataka kusilimu: namna ya kumshauri bila kumkimbiza wala kumficha kitu

Assalaam alaykum ndugu zangu, na nyie wa upande wa pili habari zenu. Naandika hii kwa sababu swali limenifuata mpaka kibarazani kwangu na najua siko peke yangu, Dodoma ya sasa imejaa watu wa kila kona, unakuta Mgogo wa Anglikana amepanga nyumba moja na Mrangi wa Kondoa, wanachangia jiko, wanachangia ndoo za maji, mmoja anaamka Alfajiri mwenzie anamsikia, na siku moja huyo anayesikia anauliza, hivi mtu akitaka kuwa kama nyinyi anaanzia wapi.

Kwangu ilikuwa Jumapili jioni huku Chadulu, tunachambua mlenda. Mwenzangu alikuwa kimya muda mrefu, anakata yale majani taratibu kuliko kawaida, alafu akasema bila kuniangalia, "Mwenzio nawaza kusilimu, usimwambie mtu." Kabla sijafungua mdomo akaongeza, "Ila sijui kama dini yenu inamtaka mtu kama mimi."

Mtu kama yeye maana yake nini. Anafanya kazi shirika la haki za wanawake, kila mwezi yuko vijijini Chamwino na Mpwapwa wanaongea na wazazi kuhusu mabinti kuozeshwa wadogo. Anavaa suruali, anakaa peke yake, anakunywa wain, ukimwambia "mwanamke hafanyi hivyo" atakuuliza nani kasema. Ana rafiki yake wa toka chuo ambaye ni shoga na hakubali mtu amseme vibaya mbele yake. Baba yake ni mzee wa kanisa. Sasa huyo ndo anawaza kusilimu, na watu kama yeye wapo wengi kuliko tunavyodhani, tatizo sisi tunawajibu vibaya.

Mi mwenyewe nilishawahi kujibu vibaya na nalibeba mpaka leo. Miaka ya nyuma kuna dada nilikuwa nafanya naye kazi, alisema tu kwamba anapenda akisikia adhana, moyo unatulia. Kwa furaha yangu, ndani ya siku nne nilikuwa nimeshamfikisha msikitini, katoa shahada, takbira zimepigwa, kapewa jina jipya, kanunuliwa mabaibui mawili, namba yake imeingizwa kwenye magrupu matatu ya wasap ambako kila mtu anamtumia lake. Hakuna hata mmoja wetu aliyekaa naye kumwambia dini hii inasema nini kuhusu mambo ambayo yeye alikuwa anayajali. Wiki ya tatu akasoma mwenyewe kwenye simu habari za mirathi na wake wanne, akaja kuniuliza, "Mbona hukuniambia?" Sikuwa na jibu. Ramadhani ilipoisha akarudi kanisani, na mpaka leo tukikutana sokoni Sabasaba ananisalimia kwa mbali. Kwa hiyo haya ninayoandika nimeyalipia.

Jambo la kwanza kabisa ni kusikiliza neno alilotumia. Kuna "nimeamini" na kuna "nawaza", sio kitu kimoja. Akisema nimeamini, nataka kutoa shahada, wewe huna haki ya kumwambia subiri mpaka usome kwanza, subiri mpaka uache hiki, hapana, masheikh wamekemea sana kumchelewesha mtu wa namna hiyo, na shahada haihitaji Ijumaa wala umati, ni kukiri kwamba hapana mola apasaye kuabudiwa kwa haki ila Allah na kwamba Muhammad ni mtume wake, akilitamka kwa kuamini hata jikoni kwako imetosha. Ila akisema nawaza, basi muache awaze. Usimgeuze anayewaza kuwa aliyeamini kwa sababu wewe una haraka ya thawabu. Qur'ani yenyewe inasema hakuna kulazimisha katika dini (2:256, yaani sura ya 2 aya ya 256), na kumsukuma mtu kwa furaha na zawadi mpaka aone aibu kurudi nyuma, mi naona hiyo nayo ni aina ya kulazimisha.

Alafu muulize kilichomvuta, na ukishauliza nyamaza. Usimkatize kwa aya. Wangu nilidhani atasema mchumba, kumbe ni msiba. Alikuja na mimi Kondoa kumzika mama yangu mdogo, akaona mtu kafariki usiku na mchana kabla ya Alasiri ameshazikwa, sanda nyeupe, hakuna jeneza la bei, mwanaume mwenye gari na mwanaume asiye na viatu wamebeba jeneza lile lile la msikiti kwa kupokezana. Akasema aliporudi hakulala, aliwaza ni michango mingapi imewaingiza watu madeni kwa ajili ya mazishi. Mi nilikuwepo pale pale na sikuona kitu, nimezoea. Sasa ukijua kilichomvuta unajua pa kuanzia kuongea, mana huyu ameguswa na usawa wa watu mbele ya Mungu, ukimwanzishia habari ya majini na uchawi utakuwa umempeleka njia ambayo hakuiomba.

Kama kilichomvuta ni mchumba, hilo nalo sio la kumdharau. Ummu Sulaym, mwanamke wa zama za Mtume, alipoposwa na Abu Talha ambaye hakuwa Muislamu bado, alimwambia mahari yangu ni Uislamu wako, na Abu Talha akawa Muislamu mzuri. Lakini mwambie ukweli ambao familia nyingi hazisemi: kidini mwanaume wa Kiislamu anaruhusiwa kumuoa Mkristo abaki na Ukristo wake, kwa hiyo anayemwambia "bila kusilimu hakuna ndoa" anasema ya ukoo wake. Na mwambie pia upande wa serikali, Sheria ya Ndoa ya 1971 inaichukulia ndoa iliyofungwa Kiislamu kuwa ni ya wake wengi au inayoweza kuwa ya wake wengi, mpaka ithibitike vinginevyo. Dada anayejua haki zake atataka kulijua hilo kabla hajaweka saini, na ni haki yake.

Sasa maswali magumu, hapa ndo pana kazi na hapa ndo wengi wetu tunakimbia. Ushauri wangu ni mmoja, usisubiri aulize. Yataje wewe, kabla ya shahada kama bado anawaza. Mi nilimwambia njoo Jumamosi, nikapika pilau, tukafunga mlango, nikamwambia leo nakutajia yote ninayodhani yatakukimbiza, nisikilize alafu uamue.

Nilianza na wake wengi. Ipo, imo kwenye Qur'ani (4:3), hadi wanne, kwa sharti la uadilifu na akiogopa kutofanya uadilifu basi mmoja, na sura hiyo hiyo mbele (4:129) inasema hamtaweza kufanya uadilifu baina ya wake hata mkijitahidi. Ruhusa sio amri, na mwanamke anaweza kuweka masharti wakati wa kufunga ndoa, hapo wanachuoni wanatofautiana jinsi sharti hilo linavyombana mume, ila lipo la kuongelea. Mirathi, mtoto wa kiume anapata fungu la wawili wa kike (4:11). Unaweza kumweleza kwamba mwanaume ndo amebebeshwa matumizi ya nyumba na mali ya mwanamke ni yake peke yake halazimishwi kuitoa, na kwamba kwenye mila zetu nyingi za bara binti alikuwa hagusi kabisa ardhi ya ukoo, hayo yote kweli, lakini usimalize kwa kumwambia eti ni sawa kwa sawa. Sio sawa kwa sawa. Alishika kalamu akapiga hesabu za shamba la baba yake pale pale, akanyamaza. Nikamuacha anyamaze.

Lililomuuma zaidi sikulitegemea, ni kwamba mwanamke wa Kiislamu haolewi na asiye Muislamu wakati kaka yake anaruhusiwa kumuoa Mkristo au Myahudi. "Kwa hiyo nikisilimu nimepunguza wanaume wa kunioa na wewe kaka yako hajapunguza wanawake?" Ndiyo. Hiyo ndo kauli ya madhehebu yote makubwa na sikuipamba.

Rafiki yake wa chuo nalo aliliuliza kwa sauti ya chini. Nilimwambia dini inakataza tendo hilo, hakuna shehe utakayempata hapa mjini atakayekwambia vingine, na ukisilimu hutaweza kusema dini inaruhusu. Lakini haijakuamuru umtukane mtu, umchongee, umfukuze kwenye meza yako au ushabikie akipigwa, na ukimkuta Muislamu anafanya hayo kwa jina la dini unayo haki ya kumkataza. Akaniuliza mi mwenyewe nitamkaribisha nyumbani kwangu? Nilisema ndiyo, na nilimaanisha.

Hijabu nilimwambia ni wajibu (24:31) na wanawake wengi wanaifikia taratibu, asiyevaa ana kosa lakini hajatoka kwenye dini. Kutoka kwenye dini je? Hili usilifiche hata kama ulimi unakuwa mzito. Wanachuoni wa zamani walikuwa wakali sana kwa anayeritadi, yaani anayeacha dini, wengi wao walisema hukumu yake ni kuuawa, wa leo wengine wanasema ile hukumu ilihusu usaliti wa vita na sio imani ya mtu, na hapa Tanzania Katiba ya 1977 ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa dini pamoja na kubadilisha dini yake. Nilimwambia hivyo vyote vitatu. Akasema, "Ungeniambia cha tatu tu ningejua unanificha."

Kosa lingine tunalofanya ni kusema kila kitu kibaya ni mila na kila kizuri ni dini. Muonyeshe tofauti kwa mfano anaoujua. Keketa kwa mfano, yeye anapambana nayo kazini, anajua iko kwa Wagogo ambao wengi wao ni Wakristo, iko Singida, iko Manyara, na sheria iliikataza 1998 kwa walio chini ya miaka 18. Kwa hiyo hakuniuliza kama ni ya Waislamu, ila kuna mtu alimwambia vitabu vyetu vinaiunga mkono. Nikamjibu kama ilivyo, Qur'ani haikuitaja, kwenye fiqhi, yaani sheria za dini, ya madhehebu ya Kishafi ambayo ndo wengi wetu tunaifuata kuna maneno ya kuiunga mkono, na wapo masheikh wakubwa wa leo walioipinga kwa sababu ya madhara. Hiyo ndo faida ya kumwambia kila kitu kimekaa wapi, hiki ni aya, hiki ni hadithi, hiki wanachuoni wanavutana, hiki ni bibi zetu tu.

Kwenye wain ngoja nikae kidogo, mana hapa Dodoma zabibu ziko mlangoni, zinavunwa mara mbili kwa mwaka na kila sherehe chupa ziko mezani, pamoja na kitimoto. Yeye alisema hili ndo linamtisha kuliko hijabu. Watu wengi jibu lao ni acha kwanza ndo uje. Sio alivyofanya Mtume. Pombe ilikatazwa kwa hatua, kwanza ikaja kwamba ina dhambi kubwa na manufaa kwa watu ila dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa (2:219), baadaye msikaribie swala mkiwa mmelewa (4:43), mwisho ndo ikaja jiepusheni nayo (5:90). Na Bibi Aisha, mke wa Mtume, amesema, iko kwenye kitabu cha hadithi cha Bukhari, kwamba lau cha kwanza kuteremka kingekuwa msinywe pombe, watu wangesema hatuiachi kamwe. Kwa sasa hukumu imeshakamilika, haramu ni haramu, usimwambie glasi moja sio mbaya. Lakini mwambie pia akisilimu alafu siku akateleza, hajatoka kwenye Uislamu, amekosea na mlango wa toba uko wazi. Kusema ni halali ndo jambo jingine kabisa. Nilipomwambia hivyo nilimuona mabega yanashuka, alikuwa anadhani kosa moja ni kufukuzwa.

Kumpeleka kwa mwalimu, chagua mtu kabla ya kuchagua jengo. Msikiti wa Gaddafi hapa mjini ni mkubwa na una sehemu ya wanawake, kwa mgeni anayetaka kuona watu wanavyoswali ni pazuri, ila usimpeleke Ijumaa ya kwanza kabisa, mpeleke Adhuhuri ya siku ya kawaida. Mwambie mapema kuhusu mtandio na gauni refu, sisi tulienda msikiti mmoja bila kujiandaa na mzee mmoja akamfokea mlangoni kwa sababu ya suruali, mbele za watu. Nilimtoa nje tukakaa chini ya mwarobaini, nikamuomba radhi kwa niaba ya yule mzee, lakini kosa lilikuwa langu kutomwambia. Mtafutie ustadhati, mwanamke, anayejua na asiyetishika na maswali, na nenda wewe kwanza umsikilize darasa zake mara mbili tatu. Mwambie pia kwamba atakutana na huyu anasoma maulidi na kupiga dhikri, yule anasema hiyo ni bidaa, yaani uzushi, kuna madhehebu ya Ibadhi, kuna Shia, asije akadhani wote tunagombana kwa sababu yake. Tarjuma ya Qur'ani ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy Kiswahili chake ni kitamu, msome pamoja, msianze na mabishano ya kwenye intaneti.

Mfundishe kwa vitendo hata kabla hajaamua, akitaka. Mi nilimuonyesha udhu kwa kopo. Maji kwetu yanatoka kwa mgao, alikuwa anajiuliza mtu anatawadha mara tano kwa maji gani. Nikajaza kopo lisilofika lita, viganja, kusukutua, pua, uso, mikono mpaka viwikoni, kupaka kichwa, masikio, miguu mpaka vifundoni, na maji yakabaki. Mtume alikuwa anatawadha kwa mudi moja, yaani kama ujazo wa viganja viwili, na kuoga kwa pishi moja. Na maji yakikosekana kabisa kuna kutayamamu kwa vumbi safi, vumbi Dodoma halijawahi kutuishia. Hapo alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Familia. Usimshauri awafiche milele wala awatangazie siku ya kwanza. Aya inasema wazazi wakikushikilia umshirikishe Allah usiwatii, lakini kaa nao duniani kwa wema (31:15), na Asmaa binti wa Abubakar alipouliza kama amtendee wema mama yake ambaye hakuwa Muislamu, Mtume alimwambia ndiyo, muunge mama yako. Kwa hiyo Krismasi akienda kumuona baba, akapeleka mchele na sukari, huko ni kuunga undugu, ibada ya kanisani ndo hashiriki. Baba akilia avumilie, asibishane naye Biblia. Na kuna jambo hatupendi kulisema, mazishi. Tumeona misiba mingapi ukoo unavuta huku waumini wanavuta kule mwili uko mochwari. Yeye ambaye msiba ndo ulimvuta alielewa haraka, aandike wosia wake akiwa mzima, ashuhudiwe, na mtu mmoja wa ukoo awe anajua.

Ikitokea ametoa shahada mambo mengine ni mepesi, msiyafanye mazito. Aoge josho. Jina halilazimishwi kubadilishwa kama maana yake sio mbaya, vyeti na NIDA viache vilivyo. Akihitaji cheti cha kusilimu kwa ajili ya ndoa au hija aulizie ofisi ya wilaya ya BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu. Mtume alipomtuma sahaba wake Muadh kwenda Yemen alimwambia awaite kwanza kwenye shahada, wakikubali awaambie swala tano, wakikubali ndo zaka, hatua kwa hatua. Kwa hiyo aanze na Fatiha, sura ya kwanza ya Qur'ani, na rakaa zake 17 za siku, mwambie siku za hedhi haswali na hazilipi, saumu ndo atalipa. Magrupu ya wasap awekwe moja, au lisiwepo. Na Ramadhani ya kwanza asifuturu peke yake hata siku moja, gaweni zamu, huyu magimbi, yule tambi na uji, mana ukikaa peke yako na tende tatu chumbani ndo unawaza nyumbani kwenu.

Mpaka naandika hivi mwenzangu hajatoa shahada. Mirathi bado inamuuma na amesema wazi, na sijamsukuma. Juzi usiku amenitumia meseji, anaomba nimrekodie Fatiha taratibu, neno kwa neno, anataka kujua inavyotamkwa. Nimemrekodia mara mbili, ya kwanza bodaboda ilipita ikaharibu.